Hundi Aliyoikataa Marisela

Sajini aliisukuma hundi juu ya kaunta kwa ncha ya kalamu, kana kwamba Marisela ana upele.

"Ada yako ya leseni ya uaskari hiyo, yote. Tumechelewa kukujibu, kwa hiyo sheria inakurudishia. Saini uende zako, dada."

"Na maombi yangu?"

"Ukichukua pesa, maombi yamekufa." Akanywa kahawa. Tone moja likabaki likining'inia kwenye sharubu zake. "Ungefunga domo lako kortini, saa hizi ungekuwa na bastola kiunoni. Texas nzima hii, nani atakubali kupanda gari moja na mtu aliyemchoma askari mwenzetu kwa ushahidi wake?"

Marisela alilitazama lile tone. Halikuanguka.

"Siitaki hundi yako," akasema. "Ninyime."

"Nini?" Sajini akacheka.

"Ninyime leseni. Ukininyima lazima uandike sababu, nami nitakata rufaa, na jaji ataisoma."

Kicheko kikamkauka sajini mdomoni. Tone likadondoka juu ya hundi, wino wa jina la Marisela ukaanza kutawanyika.

Marisela akavuta kiti, akaketi, akamsogezea kalamu yake.

"Haya, andika hayo hayo uliyoniambia sasa hivi. Usiruke hata neno."