Uzito wa Wenyewe

Eeh, mikanda. Magunia ya mchanga yalifungwa mikanda ya gari, moja moja, kama watu, na aliyeyafunga si fundi, ni mwenye gari mwenyewe. Lakini msikimbize hadithi, tuanze gereji.

Huyo fundi alikuwa fundi wa springi, mtu wa kilo mia na ushee, mdomo haupumziki, na alikuwa na utaratibu wake. Gari likishanyanyuliwa kwa safari za porini, halitoki mpaka lipimwe kwa uzito wa wenyewe. Unamtajia kilo za mkeo na wanao, anajaza mchanga kwenye magunia, anayapakia vitini, mnakwenda kulipandisha kilimani kule kwenye mawe. Likipanda bila kugonga, mchanga unamwagwa, wenyewe wanaingia. Mafundi wengine hukisia tu. Yeye alisema kukisia ni kazi ya wapiga ramli.

Basi akaja huyu na gari lake la kifahari, viti vya ngozi, gari ambalo habari za tope lilizisikia kwa jirani tu. Akataka springi ndefu, matairi ya meno, bampa la chuma, tenki la maji, hema la kufungwa juu ya paa. Aliongea kidogo, sauti moja tu, kama mtu anayesoma tangazo la maji kukatika.

"Kwani mnakwenda wapi, bosi?"

"Mtoni. Niliwaahidi watoto. Miaka mitatu nasema wiki ijayo."

"Ah, wiki ijayo naijua! Mimi ukuta wa choo changu unajengwa wiki ijayo tangu nioe."

Hakucheka. Akatoa karatasi. Mama watoto, sitini na nne. Mkubwa, arobaini na moja. Wa kati, ishirini na sita. Mdogo, kumi na moja.

"Huyu mdogo tumwekee kilo mbili za akiba," fundi akasema. "Hawa wanaumuka kama unga wenye hamira."

"Weka kumi na moja."

Akaweka kumi na moja. Mwenye pesa hasahihishwi.

Mwenye gari alilikataa gari mara tatu. Mara ya kwanza, mgongo wa mama watoto hautaki mtikisiko, springi zikafunguliwa zote. Mara ya pili, kamba ya hema ilipita mbele ya dirisha la nyuma kushoto, na mkubwa hupenda kutazama nje. Mara ya tatu ilikuwa panya. Alitoboa gunia la mdogo, mchanga ukavuja kama nusu kilo hivi. Mwenye gari, na shati lake jeupe, akapiga magoti kwenye sakafu ya oili, akaukusanya kwa kiganja, punje kwa punje, kisha akaomba sindano akashona tundu.

"Bosi, mchanga upo lori zima hapo nje!"

"Nataka huuhuu."

 Fundi akajisemea, kweli wenye nacho wana muda. Ila roho ilimuuma kwa wale watoto. "Nikwambie kitu, bosi? Watoto hawangoji. Utaendelea kupima springi hapa, ukigeuka unakuta wameota ndevu."

"Najua," mwenye gari akasema. Akaendelea kushona.

Siku ya kupima wakapakia kila kitu, maana vyombo navyo ni uzito: jiko la gesi, sufuria, viti vitano vya kukunja, sahani tano. Mwenye gari akayafunga magunia mikanda ile. Fundi akashika mlango wa mbele.

"Hili gunia nilisogeze nyuma, nikae?"

"Hapo ni pa mama watoto."

Basi fundi mzima, na kitambi chake na heshima zake, akajikunja nyuma kabisa na sanduku la spana. Gari likapanda. Jiwe, shimo, jiwe, halikugonga, halikulia hata mlio. Kila kwenye shimo mwenye gari alipunguza mwendo, akatazama kwenye kioo, akaendelea.

"Limetoka hilo!" fundi akapiga kiti kofi. "Haya, tumwage mchanga turudi. Mimi tangu chai ya asubuhi tumbo linaongea peke yake."

Gari halikugeuka. Lilishuka upande wa pili wa kilima.

"Bosi, tunakwenda wapi?"

"Mtoni si mbali. Tutakula huko."

Kwa chakula fundi hakuwa na ubishi. Walipofika, mwenye gari akakunjua viti vyote vitano, akavipanga duara kwenye kivuli. Akawasha jiko, akakaanga mayai, akakata mkate, akapanga sahani. Fundi naye, ili asionekane amekuja kula tu, akachomoa kisu, akafungua mlango wa nyuma, akaanza na lile gunia dogo, alikate shingo limwagike, gari liwe jepesi kurudi.

"Usimwage," mwenye gari akasema, sauti ileile. "Hawajala."

Fundi alisimama na kisu chake, ndipo akaielewa ile kumi na moja: mdogo huyu hataumuka tena. Mto ulikuwa unapita. Mayai yalikuwa yanapoa.

Akarudisha kisu mfukoni. Akafungua mkanda taratibu, akalibeba lile dogo kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kiti, akaliegemeza vizuri lisianguke. Mwenye gari akamleta mama watoto, akawaleta mkubwa na wa kati. Walipokwisha kukaa wote, fundi akavuta sanduku lake la spana, akakaa karibu na mdogo, wakaanza kula.