Kodi ya Bure

Mzee Kondo aligoma kushuka kwenye bajaji mpaka aelezwe sawasawa.

"Hiyo kodi unayogawa bure, ni ya nyumba au ya serikali?"

"Si kodi hiyo, Baba," Husseini alijibu, akipangusa vumbi la Kisarawe kwenye viatu vyake vipya. "Hii ni maandishi ya kuiambia kompyuta ifanye nini. Nikiandika kipande kizuri nawawekea wenzangu kwenye kundi letu la simu, nao wanakitumia kwenye kazi zao."

"Na wewe unapata nini?"

"Heshima, Baba."

Mzee akaitafakari heshima hiyo, akashuka.

Alikuwa mkulima wa Dutumi, baba yake Rukaya. Tangu washenga wa Husseini wapeleke posa, hakuwa amesema ndiyo wala hapana. Alisema tu kwamba hawezi kumwoza binti yake mtu ambaye kazi yake haielezeki hata msikitini. Mwaliko ulipokuja kutoka Kisarawe, Rukaya alimsihi: "Nenda naye, Baba. Kaone mwenyewe watu wanavyomthamini."

Mwaliko wenyewe ulitoka kwa Mwalimu Biubwa, mwanakundi mwenzake aliyefundisha vijana kompyuta katika kituo kidogo cha ufundi. "Vipande vyako ndivyo tunavyosomea," aliandika. "Vijana wana hamu kubwa ya kukuona. Ila nakuomba sana, usije ukabadilisha hata herufi moja."

Hata herufi moja! Husseini aliusoma ujumbe ule mpaka simu ikaisha chaji.

Maana, tuseme ukweli, ndani ya kundi hali ilikuwa baridi. Kila Ijumaa baada ya swala aliweka kipande kipya, na maelezo marefu yanayoanza, "Ndugu zangu, wengi wenu hamlijui hili." Kundi zima linanyamaza. Husseini aliuchukulia ukimya ule kuwa wa watu waliopigwa na butwaa. Hamza wa Mlandizi peke yake ndiye aliyezoea kuuliza, "Lakini umekijaribu?" Husseini hakuwahi kumjibu. Wivu haujibiwi.

Walipoingia darasani, vijana wote walisimama. Mzee Kondo hakuwa amewahi kuona vijana wakimsimamia mtu asiye sheikh wala askari. Alivua kofia yake, akaivaa upya vizuri.

"Shikamoo, Mzee," alisema Biubwa.

"Marahaba, mwanangu."

"Huyu kijana wako ametusaidia mno. Kabla ya vipande vyake, wanafunzi wangu walikuwa wananakili tu, hawafikiri."

Kijana wako! Husseini alimtazama mzee kwa pembe ya jicho. Mzee hakukanusha.

"Kile cha kuhesabu umri," alidakia mmoja wa vijana, "kilitutoa jasho kwelikweli!"

"Ni kizito kidogo," Husseini alikiri, kwa unyenyekevu alioufanyia mazoezi mbele ya kioo.

"Na kile cha kupanga majina! Maulidi alipata matatu peke yake, tukampigia makofi."

Husseini hakuelewa Maulidi alipata matatu ya nini. Lakini mtu mkubwa haulizi kila kitu, kwa hiyo akatikisa kichwa kama anayekumbuka.

Kisha akakaribishwa mbele. Alizungumza kwa kirefu kuhusu subira na kuhusu usafi wa kazi, akasahau hata kunywa maji aliyowekewa. "Mkiona kitu kwenye kodi yangu," alimalizia, akiwa amenyoosha kidole, "jueni kipo kwa sababu. Sijawahi kuweka kitu pale kwa bahati mbaya."

Darasa lililipuka. Vijana waligonga meza, wakacheka, wakagongeana viganja. "Si niliwaambia!" mmoja alipiga kelele.

Mzee Kondo akamwinamia Biubwa. "Kumbe ni mtu huyu."

"Tena si mtu wa mchezo, Mzee."

"Basi," alisema mzee, kwa sauti ambayo Husseini aliisikia kule mbele bila taabu, "arusi baada ya kuvuna ufuta."

Husseini alishika ukingo wa meza. Alitamani kumpigia Rukaya simu palepale, mbele ya watu wote, lakini binti mmoja aitwaye Naila alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Mwalimu, sisi swali letu ni moja tu, na tumelibishania muda mrefu. Mtu akitaka kuwapima wenzake, anaweza kuficha kosa mara moja, au mara mbili. Wewe unawezaje kutuwekea makosa mapya kila wiki, halafu ukaandika na maelezo marefu kama vile mwenyewe huyaoni?"

Vijana wakashika kalamu tayari. Mzee Kondo akasogeza kiti mbele asikie vizuri.

"Ni kipaji tu," alisema Husseini.