Fundi Nje ya Pazia

"Chomoa waya kwanza," Dena aliliambia pazia. "Kabla hujagusa kitu chochote, waya."

Swichi ikalia ndani, kisha sauti ya mwanamke ikasema kwamba tayari.

Katika ufundi wake wote Dena hakuwa amewahi kufanya kazi namna hii. Alikuwa barazani kwenye nyumba ya watu, Mambrui, jua la mchana likimchoma magoti, na filta ya tangi la samaki iliyomleta iko sebuleni asikoruhusiwa kuingia. Bi Sumeiya alikuwa amekaa eda. Mumewe, Uweis, alizikwa mwezi uliopita, na mwanamume wa kando hakutani naye uso kwa uso mpaka siku zake ziishe. Hilo Dena alilielewa. Lisilomwingia akilini ni kwa nini mjane asijitenge chumbani kidogo, fundi akaingia, akaimaliza kazi chai haijapoa.

"Nimemwambia vivyo hivyo," alisema Bi Batuli, dada wa marehemu, aliyekaa kizingitini kati ya hao wawili. "Hataki. Asema ataka aijue kazi mwenyewe, ikikwama tena asisumbue watu."

"Bi Batuli, samaki hawangoji mtu ajifunze."

Roho yake ilikuwa juu kwa ajili ya samaki hao. Aliwaleta mwenyewe kutoka Malindi, ndani ya ndoo iliyofungwa nyuma ya pikipiki, akiendesha kama mtu aliyebeba mayai. Wote walikuwa wekundu, ila mmoja mweusi mwenye macho ya kutokeza, ambaye Uweis alimpenda kuliko wenzake. Sasa filta ilikuwa imesimama tangu jana. Kwa joto hili, maji yasipozunguka, samaki hukosa hewa na kupanda juu wakitweta. Usiku wa pili hawaumalizi.

"Wanapanda juu?" akauliza. "Wanatweta?"

"La," pazia likajibu. "Kumetulia."

Dena hakulipenda jibu hilo. Akasimama, akakaa, akasimama tena. Mikono ilimwasha. Alitamani kulivuta lile pazia alitupe uani, lakini alikuwa mtu mwenye adabu zake.

"Funga koki zote mbili, toa mipira ya maji, kisha fungua vibanio vya mtungi wa filta. Ndani utaona sponji. Usiioshe kwa maji ya mfereji, yana dawa. Chota maji ya humo humo tangini, uikamulie ndani ya karai. Na sabuni isikaribie kabisa."

"Nimeshaitoa."

"Nipe niione."

Bi Batuli akaipokea sponji na kumpa. Dena akaikamua pembeni ya baraza, akatazamia lile tope jeusi analolijua, lenye harufu ya kukimbiza wateja. Yakatoka maji meupe.

"Mbona safi hivi? Samaki hawa wanakula kweli?"

"Mkebe wa chakula umejaa," alisema Bi Batuli, akatazama upande wa barabara.

Basi tatizo halikuwa uchafu. Dena akamwelekeza mjane afungue kichwa cha mota, akitafute kipangaboi kidogo chenye sumaku, kile kinachosukuma maji, akivute taratibu.

"Kijiti chake kimevunjika," sauti ikasema. "Nimekiharibu mimi?"

"Hukukiharibu wewe, kimechakaa tu. Ninacho kingine mkobani." Dena akashusha pumzi, akampa Bi Batuli kijiti akipitishe chini ya pazia. "Ila ungenisikiliza mimi, Bi Sumeiya, ningekuletea filta mpya kabisa. Za siku hizi hazisikiki. Hii yenu yanguruma kama kinu cha mahindi, sijui mlilalaje."

"Sitaki mpya." Kwa mara ya kwanza sauti ilipanda. "Nataka hii hii. Na ilie vile vile tulivyoizoea."

Dena akajilaumu kwa ulimi wake. Mtu akifiwa hata msumari wa marehemu hautupi.

"Tangu isimame hajafumba jicho," Bi Batuli alimwambia kwa sauti ya chini. "Usiku kucha anazunguka humu ndani, mara akae, mara ainuke."

"Hata mimi nisingelala," alisema Dena. "Viumbe vikifa mbele yako!"

Mjane akarudisha kila kitu mahali pake. Akaujaza mtungi maji hadi juu ili hewa isinase, akabana vibanio, akafungua koki. Dena akamwambia achomeke waya. Vikasikika vikohozi vya maji kwenye mipira, halafu ile ngurumo yake ya zamani ikaijaza nyumba.

"Tumewawahi?" akauliza Dena.

Alisikia nyayo zikienda ndani.

"Bado mipira, Bi Batuli. Ikivuja usiku, mtaamkia sebule imejaa maji na samaki wako juu ya zulia. Lazima niishike kwa mkono wangu."

"Wifi?" Bi Batuli akaita. "Wifi, fundi aingie?"

Hakuna aliyeitika. Bi Batuli akaingia mwenyewe, akakawia kidogo, akarudi na kulifunua pazia.

"Vua viatu," alinong'ona. "Yuko chumbani."

Dena akapiga magoti, akaipapasa mipira yote. Mikavu. Ndipo akainuka na kupeleka uso kwenye kioo awatazame samaki wake. Aliona maji, mchanga, mawe na taa. Akazunguka upande wa pili, akachungulia nyuma ya mawe.

"Bi Batuli, mbona samaki wote—"

"Taratibu," Bi Batuli akamkatiza. "Walikwisha zamani, Uweis akiwa hai bado."

Akamwonyesha mlango wa chumba cha kulala, ulioachwa wazi kidogo. Humo ndani, chini ya ngurumo ya filta, Sumeiya alikuwa ameshaanza kukoroma.