Taa Zote Kijani

Ubao mzima wa kura uliwaka nyekundu. Ardith Stallard aliutazama pale juu ya kichwa cha Spika, akatafuta walau taa moja ya kijani, akaikosa. Hata jirani yake wa kiti, aliyekomba nusu chupa ya jamu ya Ardith asubuhi ile, alikuwa amebonyeza nyekundu.

Aliliwaza bonde la kwao, na lile bwawa la tope la mgodi lililokaa juu ya shule ya msingi, likivuja kila mvua za Aprili zikianza. Kabla ya siasa alikuwa dereva wa basi la shule hiyo, na dada yake Nola ana watoto wawili mle. Muswada wake ulikuwa wa kurasa mbili tu. Kampuni ya mgodi ifunge king'ora, bwawa likipasuka watu wa chini wasikie, wakimbie. Basi. Watu wa bonde walimchagua kwa ajili ya king'ora hicho, si kwa kingine.

"Mheshimiwa Stallard," Spika alisema, uso mkavu, "Baraza linauliza, hicho king'ora kitalia kwa sauti gani?"

"Ya mama mkwe wangu!" mtu alidakia kutoka nyuma. "Huyo akifoka anasikika kaunti tatu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Ndipo Ardith akakumbuka alichoonywa. Mgeni wa Baraza la Wawakilishi, kwa muswada wake wa kwanza, lazima akione cha mtema kuni. Wanambonyezea nyekundu wote, wanamwacha atokwe jasho, halafu wanageuza. Na kweli, taa moja ikageuka kijani. Ilikuwa ya Mzee Royce Bledsoe.

Loo, Royce Bledsoe! Aliingia bungeni nywele nyeusi ti, sasa zilikuwa nyeupe pe, na katika umri wake wote humo kila muswada uliotaja bwawa ulifia kwenye kamati yake. Wenye migodi walimgharamia kampeni zote, wala hakuficha. Lakini mwaka huu alimwita Ardith ofisini kwake, akamkaribisha kahawa.

"Binti yangu, mimi nastaafu," alimwambia. "Nimechoka kuwa shetani wa watu. Huu wako nitaupitisha."

Ardith alingoja wiki baada ya wiki. Kila alipouliza, mzee alicheka. "Tulia, binti. Nimekuwekea siku ya mwisho ya kikao, watu wakiwa na furaha zao. Keki si tunaila mwisho?"

Na hakumdanganya. Taa ziligeuka safu kwa safu, mpaka ubao wote ukawa kijani. Hakupinga hata mmoja! Watu walisimama wakapiga makofi. Wengine walitoa simu wakajipiga picha, ubao ukiwa nyuma yao, kila mtu na jina lake na taa yake. Kwenye roshani ya wageni, hata wakala wa kampuni ya mgodi alipiga makofi.

Ardith alilia mbele za watu, wala hakuona haya. Mzee Bledsoe alimkumbatia, akampigapiga mgongoni.

Desturi ilimtaka mgeni awalishe wenzake, kwa hiyo wanawake wa bonde walikuwa wamepika jamu ya matufaha tangu msimu wa mavuno. Ilikwisha yote isipokuwa chupa moja, aliyoificha kwa ajili ya rais wa Seneti. Maana muswada ulibakiza mlango mmoja. Maseneta wakiukubali, unakwenda kwa gavana kutiwa saini. Wasipoupigia kura leo, umekufa. Lakini sheria iliyapa mabaraza yote mawili mpaka saa sita usiku, na sasa ilikuwa saa kumi tu ya alasiri.

"Naomba niupeleke mwenyewe," alimwambia karani.

Karani alisita, akamtazama Mzee Bledsoe. Mzee aliinama akaanza kupanga karatasi zake.

"Haya, upeleke, mama," karani alisema polepole.

Alimpigia Nola huku anatembea. Jikoni kwa Nola wanawake walikuwa wamejaa, na waliposikia walipiga kelele mpaka simu ikakwaruza.

"Wote? Hata lile zee Bledsoe?"

"Yeye ndiye wa kwanza!"

"We! Acha uongo!"

"Haki ya Mungu, Nola."

"Basi usikate simu. Nataka kuwasikia na hao maseneta. Watoto, nyamazeni! Mama yenu mdogo anaingia Seneti."

Ardith alicheka, akaitia simu mfuko wa kifuani bila kuikata. Alivuka chini ya kuba la jengo. Watu waliburuta masanduku kuelekea maegeshoni, na mmoja wao alimpungia. "Hongera, mama king'ora!" Naye akampungia kwa chupa ya jamu.

Mlango wa Seneti ulikuwa mzito. Aliusukuma kwa bega, muswada mkono mmoja, jamu mkono mwingine.

Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza. Taa nyingi zilikuwa zimezimwa. Mtu mmoja alisukuma mashine ya kufyonza vumbi kwenye zulia, na alipomwona alipaza sauti bila kuizima.

"Wameshafunga kikao, mama! Tangu saa saba mchana! Mpaka Januari!"

Mashine iliendelea kuvuma.

"Ardith!" Nola aliita kutoka mfukoni. "Nausikia mvumo wao mpaka huku! Ndio wanakushangilia?"