Bega la Mke Mwenza

Nguvu zilimwishia Siwema kichwa cha mtoto kikiwa kimeshaonekana.

"Sukuma, mama, mtoto anachoka," mkunga alihimiza.

"Siwezi tena."

Kidawa, mke mwenziwe, alikuwa amemkumbatia tangu alfajiri. Aliivuta kanga yake, akaliacha bega wazi.

"Haya, ning'ate. Si ndiyo hamu yako miaka yote?"

Siwema alicheka, uchungu ukakikatiza kicheko. Akaliuma bega lile kwa meno yote, akasukuma.

"Uma, mdogo wangu! Uma!"

Mtoto akalia.

Mkunga alimlaza kifuani pa mama yake. Siwema alimtazama kwa muda mrefu, kisha akamwinua kuelekea kwa Kidawa.

"Ahsante, dada. Mpokee mwanao."

Kidawa alinyoosha mikono, machozi yakamtangulia mtoto.