Mlezi wa Kifurushi

Jumanne ya tarehe nne Agosti, wageni wa arobaini wakiwa bado wanakunja mikeka, Mzee Kilua alijulishwa kwamba amerithi kifurushi cha programu ya kompyuta alichokuwa akikilea, yaani kukitunza na kuidhinisha mabadiliko yake, marehemu mkewe. Sheria haikubagua: kila kifurushi lazima kiwe na mlezi aliye hai, na mlezi akifa, mwenzi wake hushika, hata kama hakuvuka darasa la tatu. Hiki kiliendesha mashine za kupumulia. Kilua alikuwa mfyatua matofali.

Kesho yake yaliletwa marekebisho ya kifurushi hicho, na simu ikawa inamsumbua tangu asubuhi: akubali au akatae. Alikaa, akasimama, akazunguka uani kama kuku anayetaka kutaga.

"Bonyeza ndiyo tu, mzee wangu," afisa alimwambia kwenye simu. "Usipokubali leo, mashine zote zenye kifurushi chako zitazimwa."

"Na nikikubali, yakaua mtu?"

"Anayewajibika ni mlezi."

"Ala! Nyinyi mnapigwa na kiyoyozi huko, kitanzi mnanivisha mimi!"

Mama Sabaha, jirani yake, alichungulia juu ya ua. Nyuma yake mashine ilikuwa ikimsaidia mumewe, Salehe, kupumua.

"Shemeji, bonyeza basi! Unataka Salehe akatike pumzi?"

Kilua aliinua kidole, akakishusha.

"Hebu niambie, bwana mkubwa," akamwuliza afisa. "Hayo marekebisho, yupo mtu yeyote huko kwenu aliyeyasoma?"

Afisa alimwomba asubiri kidogo, akaulize. Jua lilishaanza kuzama, na Kilua alikuwa bado na simu sikioni, akingoja jibu: yupo aliyeyasoma, au hayupo?