Nipe Mji

"Umetuzalia ugonjwa. Rudi kwenu!" Bi Rukia alimfokea mkaza mwanawe, Mwanaheri, aliyekuwa ametoka hospitali na mtoto mgongoni.

"Kitendawili, mama."

"Tega!" Bi Rukia aliitika kwa mazoea.

"Mtumishi wangu yumo katika kila chembe ya mwili, hufagia usiku na mchana. Akiugua, nyumba nzima taabani."

Bi Rukia alifikiri, akashindwa.

"Basi nipe mji."

"Chukua wowote."

"Nimechukua huu, na nyumba hii imo. Jibu ni jeni inayosafisha taka za mwili, mama. Daktari kasema mtoto karithi mbovu mbili, moja yangu, moja ya mwanao. Kama ni kufukuza, mfukuze na mwanao."

Mwanaheri akapita jikoni, akabandika uji. Bi Rukia akarudi ukumbini, moshi ukamfuata.